Mkono Usiosikia Moto

Harufu ndiyo iliyomwambia. Florentine alikuwa ameinama jikoni akigeuza pondu, majani ya muhogo, kwa mwiko, uso ameuelekeza kwa binti yake Marthe aliyekuwa akimsimulia habari za kuku wa jirani, pua yake iliponasa harufu ya nyama inayoungua. Ndani ya sufuria hamkuwa na nyama. Alitazama chini akaona mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, umeegemea ukingo wa sufuria, umetulia pale kama mtu aliyeegemea mto. Akauondoa. Ngozi ilikuwa imevimba, nyeupe, yenye maji. Hakusikia maumivu yoyote.

"Mama, iko nini?" Marthe aliuliza.

"Hapana kitu. Enda ucheze."

Mtoto alipotoka, Florentine aliingia chumbani, akachomoa sindano kwenye pindo la blauzi aliyokuwa akiishona, akajichoma kidole cha shahada. Kiliuma. Akajichoma begani. Paliuma. Kisha akaigusisha ile ncha kwenye doa lililokuwa pembeni ya jeraha, doa lililofifia rangi ambalo miezi mitatu alikuwa akilipaka mawese akidhani ni choa. Akabonyeza. Damu ilitoka tone moja dogo. Mkono ulikuwa kimya, kana kwamba si wake.

Alikaa chini sakafuni.

Kwao Isangi, alipokuwa msichana, dada ya baba yake alikuwa na mkono wa namna ile. Ugonjwa huo haukutajwa jina nyumbani. Watu walisema tu "ile kitu". Wanaume walimjengea shangazi kibanda ng'ambo ya mto, na kila jioni mtu alipeleka chakula, akakiweka juu ya jiwe, akaondoka kabla mwenyewe hajatokea. Florentine alimwona mara moja tu baada ya hapo, kwa mbali, akiokota kwanga, mkate wa muhogo, kwa viganja viwili kwa sababu vidole vilikuwa havipo. Siku moja chakula kilikaa juu ya jiwe mpaka kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna aliyekwenda kuuliza.

Sasa yeye alikuwa mjini, mtaa wa Mangobo, katika nyumba ya matofali aliyopewa mume wake, Hubert, fundi wa mashine katika meli za mto. Hubert alikuwa safarini Léopoldville, na meli ilikuwa haitarudi kabla ya wiki mbili. Watoto wawili walikuwa wamemfia Florentine kabla ya kutambaa. Marthe ndiye aliyebaki, ana miaka minne, na alikuwa na tabia ya kulala akiwa ameukumbatia mkono wa mama yake. Ule wa kushoto.

Tangu siku hiyo Florentine alibadilika, na hakuna aliyejua sababu. Alivaa blauzi ya mikono mirefu hata jua lilipokuwa kali. Alikula kwenye jani la mgomba, akalitupa. Sahani ya Marthe aliichemsha. Mtoto alipopanda mapajani, alimshusha, alipong'ang'ania, alimsukuma. Marthe alilia siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu hakulia tena. Alikaa mlangoni akimtazama mama yake kama anavyotazamwa mgeni, na hilo ndilo lililomkata Florentine maini kuliko kilio.

Wiki iliyofuata waganga wa serikali walipita. Karani alitembea barabara nzima akitangaza kwamba Jumanne, saa mbili, kila mtu ajipange uwanjani na kitabu chake cha kitambulisho, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wavue nguo za juu wakaguliwe ngozi. Florentine aliitika kama wengine. Jumanne, kabla jua halijapanda, alimfunga Marthe mgongoni juu ya nguo tatu, akashuka mpaka mtoni. Alikaa kati ya mitumbwi iliyofunikwa mkeka, magoti kidevuni. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena. Kila alipopita mtu mwenye kofia moyo wake uliruka kama samaki aliyetupwa mchangani. Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama, na jirani yake Georgette akamwita kutoka uani kwake.

"Mama Marthe, walikutafuta. Waliandika jina yako."

"Nilikuwa kwa mugonjwa."

"Walisema mutu asiyekuja, watamufuata na polisi."

Georgette alisema hivyo bila ubaya, akiendelea kutwanga. Lakini Florentine alifunga mlango, akasimama nyuma yake akisikiliza barabara.

Alhamisi ilikuwa siku ya akina mama wa parokia. Alitaka kukosa. Aliogopa kwamba akikosa wataulizana, kwa hiyo alikwenda, akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mama Germaine, mjane wa katekista, ndiye aliyewafundisha. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyokwaruza, na tangu mwezi wa kumi alikuwa akiwaeleza maisha ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, kwa kuwa sikukuu yake ilikuwa inakaribia na chama chao kilichukua jina lake.

"Huyu alikuwa mutoto wa mufalme," Mama Germaine alisema, "lakini leo siwaambie mambo ya ufalme. Nawaambia siku walimufukuza. Bwana yake alikufa na homa, mbali, katika safari ya vita. Elizabeti alikuwa na miaka makumi mbili, na batoto batatu. Ndugu za bwana wakamutoa inje, wakati wa baridi. Aligonga mulango hii, hapana. Mulango ile, hapana. Batu aliokuwa anawapa mukate, wakamufungia. Alilala mahali pa nguruwe. Asubuhi na mapema akaenda kanisani, akaomba mapadri waimbe wimbo wa kumushukuru Mungu."

Mwanamke mmoja akaguna. "Alikuwa na roho ya chuma."

"Hapana," alisema Mama Germaine. "Miye sikubali ile. Kama alikuwa na roho ya chuma, atatufundisha nini, siye wa nyama? Nafikiri alitetemeka usiku muzima. Alilia juu ya bwana yake mupaka batu wakamuonea huruma. Mutu anayelia vile anajua woga. Lakini kisha alienda muji wa Marburg, akajenga nyumba ya wagonjwa, akawaosha na mikono yake, hata wale wa ukoma. Woga si zambi, bamama. Njaa si zambi, woga si zambi. Zambi iko pale unaipa woga funguo ya nyumba, inaanza kukuambia: huyu umufungulie, huyu umufungie."

Florentine aliushusha mkono wa blauzi mpaka kiganjani. Aliona kama maneno yale yamefumwa kwa ajili yake, kama kuna mtu aliyempasha Mama Germaine habari. Akajivuta mlangoni apate kutoka, lakini Mama Germaine alikuwa hajamaliza.

"Bon. Jumamosi naenda kumuosha Mama Pélagie. Nani atanisindikiza?"

Wote waliinama. Pélagie walimfahamu. Alikuwa amekaa miaka mingi katika kijiji cha wakoma, akapona, akarudishwa na karatasi ya daktari inayosema hana ugonjwa tena, lakini karatasi haikumrudishia vidole, wala majirani. Alikaa mwisho kabisa wa Mangobo, karibu na bwawa la kambale, peke yake.

"Mama Marthe," alisema Mama Germaine. "Weye haujapata kunikatalia."

Kukataa kulihitaji sababu, na Florentine aliogopa sababu. Akaitika.

Jumamosi walikwenda na ndoo, sabuni na lituma, ndizi za kupondwa, iliyofungwa kwenye majani. Njiani Mama Germaine aliongea habari za mvua. Florentine hakusikia hata neno. Aliogopa kumwona Pélagie jinsi mtu anavyoogopa kuchungulia kaburi lililochimbwa kwa kipimo chake.

Nyumba ilikuwa safi kuliko alivyotazamia. Pélagie alikaa kwenye kiti kifupi, kitambaa kizuri kichwani, viganja vyake vimelala mapajani kama mikate miwili midogo. Aliwakaribisha kwa furaha, akawauliza habari za nyumbani, akamkumbusha Mama Germaine kwamba mara iliyopita alisahau chumvi. Mama Germaine alimvua viatu vilivyokatwa kwa mpira wa gari. Miguu ilikuwa na vidonda viwili chini ya nyayo.

"Weye uoshe," Mama Germaine alimwambia Florentine, "miye nitafagia."

Florentine alipiga magoti. Ilimbidi akunje mikono ya blauzi. Chini yake alikuwa amefunga kitambaa mahali palipoungua, na alipotia mkono majini kitambaa kililowa, kikateleza, kikaangukia ndani ya beseni. Alikivuta upesi. Alipoinua macho, Pélagie alikuwa anautazama mkono wake.

Pélagie akageuka. "Mama Germaine, hii maji haitoshi. Unisaidie, uende kuteka ingine."

Mama Germaine alipochukua ndoo na kutoka, Pélagie alishusha sauti.

"Ulijichoma na nini?"

"Na sufuria, mama."

"Iliuma?"

Neno "ndiyo" lilikuwa mdomoni tayari. Florentine alikuwa amelitayarisha wiki mbili. Lakini miguu ya yule mwanamke ilikuwa mikononi mwake, mizito, yenye joto, miguu ya mtu, na uongo ulikataa kutoka.

"Hapana," alisema. "Haikuuma."

"Nani anajua?"

"Hakuna mutu. Bwana yangu iko safari."

Pélagie alivuta pumzi ndefu. "Unisikilize muzuri. Miye nilificha miaka ine. Niliogopa bwana yangu, niliogopa wazungu, niliogopa hata batoto wa inje wasiniimbie. Wakati nilikuwa naficha, ugonjwa ilikuwa inafanya kazi yake. Unaona hivi vidole? Vingine ugonjwa ilikula. Vingine, woga njo ilivikula."

"Watanipeleka mbali."

"Zamani, ndiyo. Walinipeleka na camion, gari ya mizigo, sikuaga mutu. Leo iko dawa, vidonge. Mutu wa ugonjwa ya mwanzo kama weye anachukua dawa yake, anarudia kwake kupika."

"Na mutoto?" Hilo ndilo swali lililokuwa limemnyima usingizi tangu siku ya sufuria. "Mutoto yangu analala juu ya huu mukono."

"Ile sijue," alisema Pélagie. "Sitakudanganya. Njo maana utamupeleka. Usipomupeleka, utamuogopa mutoto yako mupaka siku ya kufa."

Hatua za Mama Germaine zilisikika nje. Florentine aliteremsha mkono wa blauzi juu ya ngozi iliyolowa. Aliendelea kuosha mguu wa kushoto, kati ya vidole vilivyobaki, kisigino, kifundo, akaukausha, akaufunga kidonda.

Meli ilitia nanga kesho yake, Jumapili. Hubert alikuja na samaki wa kukaushwa na viatu vyekundu vya Marthe. Florentine alimwacha aoge, ale. Mara tatu alifungua kinywa, na mara tatu aliuliza kitu kingine: joto la mashine, afya ya nahodha, bei ya kitambaa kule chini. Alimkumbuka Elizabeti akigonga mlango baada ya mlango. Yule hakuwa na mume wa kumwambia. Yeye anaye, ameketi hapa, anatafuna, na hajui kitu.

Akakunja mkono wa blauzi, akauweka mezani.

"Papa Marthe, tazama. Hapa niliungua, sikusikia. Nafikiri niko na ukoma."

Hubert aliacha kutafuna. Alikuwa mwanaume mpana, aliyezoea vyuma vya moto na kelele za mashine, na Florentine hakupata kumwona akiogopa kitu. Sasa aliona rangi ikimtoka usoni.

"Tangu wakati gani?"

"Mwezi ya saba nilianza kuona doa."

"Na mutoto?"

"Sijue."

Alisimama. Alimtazama Marthe aliyekuwa akitembea na viatu vyake vyekundu chumba kizima, tok, tok. Akachukua kofia yake na mfuko ambao ulikuwa haujafunguliwa, akatoka. Hakupiga mlango. Florentine alisubiri mpaka alasiri, mpaka jioni, mpaka akaacha kusubiri. Alisali, lakini sala yake ilikuwa neno moja tu, "Mama, mama," na hakujua vizuri anamwita nani.

Asubuhi alimvalisha mtoto. Alipofungua mlango, Hubert alikuwa amekaa kizingitini, nguo zimelowa umande. Bila kusalimia alimchukua Marthe, akamweka mabegani, akaanza kutembea mbele, hatua kumi mbele yake. Florentine alifuata. Hakujua kama mume wake anamsindikiza au anamwondolea mtoto. Kwenye kila njia panda alitazama angegeukia wapi. Alipogeuka kuelekea dispansari, Florentine alisimama kidogo kushika ukuta, kisha akaharakisha asimpoteze.

Mwuguzi aliitwa Hemedi, mtu wa Kasongo, mwenye miwani na sauti ya upole. Alisoma jina lake, akatafuta kwenye orodha.

"Weye ulikimbia Jumanne ile."

"Ndiyo, papa."

"Na leo umejileta. Bon. Keti."

Alimwambia afumbe macho. Kwa kipande cha pamba alimgusa hapa na pale, naye alitakiwa kuonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Alionyesha shingo, kiganja, bega. Kisha kukawa na kimya kirefu. "Sasa nagusa?" Hemedi aliuliza. "Hapana, papa," Florentine alijibu. Alipofumbua macho aliona pamba imekaa katikati ya doa. Hubert, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso akatazama nje.

Hemedi alikwangua kidogo ngozi ya sikio, akapaka kwenye kioo, akakiweka chini ya hadubini. Alikaa pale muda mrefu.

"Iko ule ugonjwa," alisema, "lakini iko kidogo, iko mwanzo. Utakuja kila wiki kuchukua vidonge. Hakuna mutu atakutoa kwako. Itakamata myaka, usichoke. Sasa mutoto."

Hapo ndipo woga wote aliokuwa ameupata tangu siku ya kwanza ulipoonekana kuwa mchezo. Hubert alimvua Marthe gauni, akamsimamisha juu ya kiti. Hemedi alimzungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya bega la kulia kulikuwa na duara dogo, jeupe. Hemedi alisimama. Florentine hakuwa ameliona. Wiki mbili alikuwa hamgusi mtoto, anamwogesha kwa haraka, macho pembeni. Alishika meza. Aliona mkono wa Hubert nao umekuja kushika meza ileile.

Hemedi alichukua pamba, akaipitisha juu ya lile duara, polepole, kama unyoya.

Marthe alijikunja. Kisha akacheka, akajaribu kufika nyuma kwa mkono. "Inanitekenya! Papa, ananichezea."

Hemedi alirudia. Marthe alicheka zaidi.

"Huyu anasikia kila kitu," alisema Hemedi. "Hii iko choa. Alhamdulillahi. Nitawapa pomadi ya kupaka. Lakini kila miezi mitatu mumulete tena, maana ugonjwa hii inatembea polepole."

Hubert alikuwa ameshaanza kufungua vifungo vya shati lake. "Na miye," alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Unitazame na miye. Jana nilikaa ku port ya meli usiku muzima najichoma na musumari."

Hakuwa na kitu. Walirudi pamoja, na safari hii alitembea kando yake, ingawa hakumgusa. Hilo lilichukua muda. Miezi kadhaa Hubert alilala kwenye kiti kirefu, na Florentine hakumlaumu, kwa kuwa aliujua woga ule nje ndani. Mwanzoni Florentine alitapika kila alipokunywa kidonge chake, kisha akazoea.

Habari ilienea, kama inavyoenea. Georgette aliacha kuja kuazima kinu. Kanisani, kwenye benchi lake, nafasi ilipanuka kushoto na kulia. Siku ya sikukuu ya Elizabeti akina mama waliandamana na mishumaa, na Florentine alitembea mwisho, peke yake, akiogopa kila jicho lililogeuka. Alikwenda hivyo hivyo. Jumamosi zake aliendelea kumwosha Pélagie, na mara nyingi alikwenda bila Mama Germaine, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua. Pélagie alimfundisha kuangalia mikono yake kila jioni kwenye mwanga, kwa sababu mkono usiosikia haupigi kelele ukiumia.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa ilipita. Jeraha liliacha kovu, doa lilififia, na pembeni yake Florentine alianza kusikia baridi ya maji. Katikati hakusikia kitu, wala hakupata kusikia tena.

Asubuhi moja ya Jumatatu, akijiandaa kwenda kuchukua dawa, alimkuta Georgette amesimama nyuma ya jiko. Alikuwa amejifunika kikwembe mpaka kidevuni, na joto lilikuwa limeshapanda.

"Mama Marthe," alisema bila kumtazama, "ile siku ya kwanza, ulijua namna gani?"

Florentine aliweka chini kikapu. "Unionyeshe."

Georgette alitazama barabarani, huku na huku. Kisha akashusha kikwembe kidogo, shingoni, nyuma ya sikio. Florentine alisogea karibu, akaweka vidole vyake vya mkono wa kulia pale, juu ya ngozi.

"Unanisikia?"

Georgette alitikisa kichwa. Machozi yalimtoka.

"Vaa viatu," alisema Florentine. "Papa Hemedi anafungua saa mbili. Tutaenda pamoja."